Bangi na Kansa: Tuulize, Lakini Tusichelewe

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati ya Kijiji

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyoo na vyandarua. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Jambo lenyewe ni hili: Je, bangi ni dawa ya kansa?

Swali hili huulizwa kisimani, kilabuni, hata katika foleni ya zahanati. Siku hizi habari huja kwa simu. Mtu mmoja hupata ujumbe unaosema kwamba bangi imeponya kansa huko Ulaya. Naye huwapelekea wenzake. Ikifika jioni kijiji kizima kimekwisha sikia.

Nitajaribu kulijibu swali hili kwa ukweli. Ninayo sababu. Mara ya kwanza nilipoulizwa nilijibu vibaya, na jibu langu lilimdhuru mtu.

MAMA ALIYEULIZA

Nilikuwa na miezi minne tu kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kipya, nikijiona najua mambo mengi. Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa kijiji chetu, mtu wa makamo, mkulima wa mihogo na pamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba ana kivimbe katika titi la kushoto. Hakikumwuma.

Nilimpima. Kivimbe kilikuwa kidogo kama punje ya kunde, lakini kigumu. Nilimwambia kwamba lazima aende hospitali, nikaanza kuandika barua ya rufaa. Ndipo akaniuliza, "Daktari mwanangu, nimesikia kwamba mafuta ya bangi yanaponya kansa. Ni kweli?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwa sauti kubwa, "Mama, bangi ni kosa! Unataka kufungwa? Maneno hayo usiyalete hapa zahanati." Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi nje walisikia. Mama aliinamisha kichwa. Alipokea barua, akaondoka.

Hakwenda hospitali. Alirudi kwangu baada ya miezi saba. Titi lilikuwa limefanya kidonda, na kwapani kulikuwa na vivimbe vingine. Katika kikapu chake alikuwa na kichupa cha mafuta meusi. Alikinunua kwa mchuuzi apitaye vijijini. Hicho kilikuwa kichupa cha tatu. Alikuwa ameuza mbuzi wawili kuvilipia.

Nilimwuliza kwa upole kwa nini hakwenda hospitali. Alinijibu, "Mwanangu, wewe ulinitisha. Yule aliniketisha akanisikiliza."

Ndugu wasomaji, maneno hayo sijayasahau. Mama huyu ndiye aliyeniruhusu kuyaandika. Alisema, "Andika, wengine wasichelewe kama mimi. Lakini jina langu liache." Basi jina lake nimeliacha, na jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile ninaliandika hapa.

KANSA NI NINI?

Kansa ndiyo saratani. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizi hazionekani kwa macho matupu. Chembe zilizochakaa hufa, na mpya huzaliwa kwa utaratibu.

Wakati mwingine chembe moja huasi. Huzaliana ovyo, wala haisikii amri ya mwili. Mkulima anayajua magugu kama kiduha katika mahindi. Ukiyang'oa mapema, shamba linapona. Ukiyaacha mpaka yatoe mbegu, shamba zima linaharibika. Kansa nayo ni hivyo. Mwanzo hukaa mahali pamoja na kufanya uvimbe. Baadaye chembe zake huingia katika damu, zikaenda kuota penginepo, kama vile katika mapafu, ini au mifupa.

Kansa ikiwa bado mahali pamoja, mara nyingi daktari anaweza kuiondoa kwa kisu. Ikisha sambaa, kazi huwa ngumu sana.

Tena tujue kwamba kansa ziko za aina nyingi. Dawa inayofaa kwa aina moja huenda isifae kwa nyingine. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema ana dawa moja inayoponya kansa zote, mtilie mashaka hapo hapo.

NDANI YA BANGI MNA NINI?

Watu wengine husema kwamba bangi haina kitu chochote ndani yake isipokuwa ulevi. Hilo si kweli. Ndani ya bangi mna vitu zaidi ya 100 ambavyo wataalamu huviita kanabinoidi. Viwili vinajulikana zaidi. Kimoja huitwa THC, nacho ndicho kinacholevya. Cha pili huitwa CBD. Hicho hakilevyi.

Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifaulu kuitenga THC na kuonyesha jinsi ilivyoundwa. Baadaye, mwaka 1992, wataalamu waligundua kwamba mwili wa binadamu wenyewe hutengeneza kitu kinachofanya kazi kama THC. Chembe za mwili zina mahali pa kukipokea kitu hicho, kama kufuli linavyopokea ufunguo. THC ya bangi huingia katika kufuli hilo hilo. Ndiyo maana bangi huweza kugusa akili, hamu ya kula, maumivu na kichefuchefu.

Kwa hiyo wataalamu wanapoichunguza bangi, hawafanyi mchezo. Wanatafuta kitu ambacho huenda kipo. Lakini kutafuta na kupata ni mambo mawili.

NGAZI TATU ZA KUIJUA DAWA

Kabla kitu hakijaitwa dawa, hupanda ngazi tatu. Mtu akikueleza habari za dawa mpya, mwulize imefika ngazi ya ngapi.

Ngazi ya kwanza ni kisahani. Wataalamu huchukua chembe za kansa, huziweka katika kisahani maabarani, kisha huzimiminia dawa. THC na CBD zimepimwa hivyo mara nyingi. Zimeua chembe za kansa za aina kadhaa, au zimezizuia zisizaliane. Habari nyingi zinazopita katika simu hutoka katika ngazi hii. Lakini hata maji yanayochemka, ukiyamimina katika kisahani kile, yataua chembe zote za kansa. Hakuna atakayekunywa maji yanayochemka ili apone. Kisahani si mtu.

Ngazi ya pili ni mnyama. Mwaka 1975 wataalamu wa Virginia, Marekani, waliandika habari za panya waliokuwa na kansa ya mapafu. Panya waliopewa THC, uvimbe wao ulikua polepole kuliko wa wenzao. Habari hiyo iliwapa wataalamu matumaini. Lakini dawa nyingi zimewafaa panya, zilipofika kwa watu zikashindwa.

Ngazi ya tatu ni mtu. Hapa ndipo penye ukweli wote. Mwaka 2006 madaktari wa Hispania waliandika habari za wagonjwa 9 waliokuwa na kansa kali ya ubongo. Kansa yao ilikuwa imerudi baada ya matibabu. Walitiwa THC ndani ya uvimbe wenyewe kwa mrija. Dawa hiyo haikuwaletea madhara makubwa. Lakini haikuwaponya pia. Wote walifariki.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio jingine la kansa hiyo hiyo ya ubongo, lililoongozwa na madaktari wa Uingereza. Wagonjwa walikuwa 21, na wote walikuwa wakipewa dawa ya kawaida ya kansa. Wagonjwa 12 kati yao waliongezewa dawa yenye THC na CBD ya kupulizia mdomoni. Wengine 9 waliongezewa kitu kisicho na dawa, ili wapate kulinganishwa. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati ya wale 12 walikuwa hai. Kati ya wale 9, waliokuwa hai walikuwa 4.

Mtu akisikia hayo atasema, "Basi imethibitika!" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Tuseme umepanda mbegu mpya ya mahindi katika mashimo 21 tu, ikaota vizuri. Utafurahi. Lakini je, utaiacha mbegu uliyoizoea na kupanda shamba lote kwa mbegu ile, na watoto wanategemea kula? Kwanza utaijaribu katika kipande kikubwa zaidi. Waingereza nao walifanya hivyo. Mwaka 2023 walianza jaribio lenye wagonjwa wengi zaidi, ili wajue kama yale ya mwanzo yalikuwa kweli au bahati. Na kumbuka kwamba wagonjwa wale hawakuacha dawa ya hospitali. Waliongezewa tu.

Hapo ndipo tulipofika. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani kilitoa mwongozo. Kilisema kwamba mgonjwa asipewe bangi kwa nia ya kutibu kansa yenyewe, isipokuwa akiwa katika jaribio la kitaalamu. Wamesema hivyo watu wa nchi ambayo majimbo yake mengi yameruhusu bangi. Hawakusema kwa kuogopa polisi. Wamesema kwa sababu ushahidi bado hautoshi.

MIMEA IMEKWISHA TUPA DAWA ZA KANSA

Wazee wetu wanasema Mungu ameweka dawa katika miti. Mimi siwapingi. Kuna ua moja dogo ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba. Lina petali tano, za rangi ya waridi au nyeupe, nalo huvumilia jua. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake na kunywa kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 majani hayo yalifika Kanada. Wataalamu Robert Noble na Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka. Lakini waliona kwamba chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Wakafikiri: kama kitu hiki kinapunguza chembe nyeupe, huenda kikafaa kwa kansa ya damu. Mwaka 1958 walitangaza kwamba wameipata dawa iliyomo. Katika ua hilo hilo ikatoka dawa nyingine iitwayo vinkristini, ambayo ilianza kutumiwa hospitalini mwaka 1963.

Sisi watu wa kanda ya ziwa tunaijua kansa ya taya inayowapata watoto. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Vinkristini ni moja ya dawa zinazotibu kansa hiyo, na watoto wengi wanaofikishwa hospitali mapema hupona.

Sasa angalieni. Ua lilikuwa na dawa kweli. Lakini watu waliokuwa wakilichemsha hawakuwa wanatibu kansa. Ilibidi majani makavu mamia ya kilo yasafishwe ili ipatikane dawa kidogo sana. Dawa hiyo hudungwa katika mshipa, kwa kipimo kidogo kabisa, kwa kuangalia uzito wa mtoto. Kikizidi, kinaua. Ua lenyewe ni sumu, kwa hiyo msiende kulichemsha!

Mfano wa pili ni afyuni. Afyuni ni dawa ya kulevya iliyoharibu watu wengi duniani. Lakini ndani yake wataalamu walitoa mofini, na mofini ndiyo dawa kubwa ya maumivu makali ya kansa. Jirani zetu wa Uganda huitengeneza ikawa maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuwaandikia wagonjwa.

Kwa hiyo mmea unaoogopwa unaweza kutoa dawa. Unapimwa, unasafishwa, unajaribiwa kwa watu, unatolewa kwa kipimo na kwa uangalizi. Kama bangi ina dawa ya kansa ndani yake, nayo itapita njia hiyo hiyo. Haitapita katika kikapu cha mchuuzi.

FAIDA INAYOJULIKANA

Iko faida moja ya kanabinoidi kwa wagonjwa wa kansa ambayo imekwisha thibitishwa. Dawa nyingi za kansa huleta kichefuchefu na kutapika kukali. Wagonjwa wengine huteseka mpaka wanataka kuacha matibabu. Mwaka 1975 madaktari wa Boston, Marekani, waliandika kwamba THC inapunguza kutapika huko. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ilikubali vidonge viwili vya namna hii, dronabinoli na nabiloni. Hutolewa hasa wakati dawa nyingine za kuzuia kutapika zimeshindwa.

Tuelewe vizuri hapa. Vidonge hivi humsaidia mgonjwa avumilie dawa ya kansa. Haviitibu kansa yenyewe. Mtu anayesikia kwamba wagonjwa wa kansa Ulaya wanapewa bangi, huenda amesikia habari hii, akaielewa vingine.

MADHARA NA SHERIA

Kile kichupa cha mama sikuweza kujua kilikuwa na nini. Huenda kilikuwa na bangi nyingi, au kidogo, au mafuta ya gari. Hakuna aliyepima. Bangi nyingi huweza kuleta kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda mbio, hofu na kuchanganyikiwa. Kwa vijana huongeza hatari ya ugonjwa wa akili. CBD nayo huweza kugombana na dawa nyingine ndani ya ini, zikawa kali mno au zikakosa nguvu. Na anayevuta, ajue kwamba moshi wa bangi una vitu vingi vibaya kama vilivyomo katika moshi wa tumbaku.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia. Adhabu yake ni kali. Ni kweli kwamba mambo yanabadilika duniani. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Desemba ya mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya zilizohesabiwa kuwa za hatari kabisa, kwa kukubali kwamba huweza kuwa na faida katika tiba. Lakini ilibaki chini ya ulinzi mkali. Nchi hizo zinatoa leseni kwa mashamba yanayokaguliwa. Hazikusema kila mgonjwa ajitengenezee mafuta jikoni.

HATARI KUBWA KULIKO ZOTE NI KUCHELEWA

Hata kama mafuta yale yasingekuwa na sumu hata tone, bado yalimdhuru yule mama. Yalimla miezi saba.

Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa ambao kansa yao ilikuwa bado haijasambaa mbali. Wengine walitibiwa hospitali. Wengine walikataa, wakatumia tiba mbadala peke yake, za namna mbalimbali. Wanawake wenye kansa ya titi waliotumia tiba mbadala peke yake, hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara tano ya wale waliotibiwa hospitali. Na hao ni watu wa nchi tajiri, wenye hospitali karibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kivimbe cha punje ya kunde ni ufa.

MAONI YANGU

Mimi ni kijana, na cheti changu ni kidogo. Lakini nina maoni yangu, na nayatoa kwa pande tatu.

Kwanza, nasema na watumishi wenzangu wa afya. Tuache kutisha watu. Mgonjwa anapouliza habari za bangi, anatuambia kwamba anaogopa. Tukimfokea, hataacha kutumia, ataacha kutuambia. Tumjibu yale yanayojulikana na yale yasiyojulikana. Kama anatumia kitu nyumbani, tumwombe atuambie ili tujue kama kitagombana na dawa zake. Mchuuzi wa mafuta alinishinda mimi kwa jambo moja tu: alikuwa na kiti na muda. Hata zahanati yetu ina kiti.

Pili, nasema na wakubwa wetu. Dawa ya maumivu ifike karibu na wananchi. Katika zahanati yetu hakuna mofini. Mgonjwa wa kansa anayelia usiku hataki kusikia habari za ngazi tatu. Atanunua chochote kinachoahidi usingizi. Kadhalika wataalamu wetu wa Tanzania wapewe nafasi, chini ya ulinzi wa sheria, ya kuichunguza mimea yetu, bangi ikiwamo. Tusingoje kila jibu litoke ng'ambo. Kuchunguza si kuruhusu ulevi.

Tatu, nasema na wanakijiji wenzangu. Ulizeni. Kuuliza si ujinga. Uliza habari za bangi, za mizizi, za maji ya kuombewa, za lolote ulilosikia. Lakini uliza ukiwa njiani kwenda hospitali. Usikae nyumbani kungojea jibu. Mficha uchi hazai.

DALILI ZA KUKUPELEKA ZAHANATI

Usingoje maumivu. Kansa nyingi mwanzoni haziumi. Njoo upesi ukiona moja ya haya:

1. Kivimbe katika titi, au chuchu inayoingia ndani au kutoa damu.
2. Kutokwa damu ukeni baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi, au baada ya kukoma hedhi.
3. Kidonda kisichopona kwa wiki nyingi.
4. Chakula kukwama kooni, na hali hiyo kuzidi siku hata siku.
5. Taya au tumbo la mtoto kuvimba.
6. Damu katika choo au mkojo. Huenda ni kichocho au amiba, lakini ni lazima upimwe.
7. Kukonda bila sababu.

Kina mama, kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Katika vituo vingi vya afya kuna kipimo chake. Mhudumu hupaka siki nyepesi mahali hapo na kuangalia kama panageuka kuwa peupe. Huchukua dakika chache, na dalili za mwanzo hutibiwa kabla hazijawa kansa. Nao wasichana wana chanjo. Ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi, msiwafiche.

Matibabu makubwa ya kansa yako Ocean Road, Dar es Salaam, na kwa watu wa kanda yetu yako Bugando, Mwanza. Najua nauli ni tatizo. Lakini mbuzi wawili wa yule mama wangetosha nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha njiani.

MWISHO

Mama yule sasa anatibiwa. Madaktari walimwambia ukweli kwamba kansa yake imesambaa na hawataweza kuiondoa yote. Wanampa dawa za kuipunguza nguvu, na mofini ya maumivu. Analala usiku. Anapalilia bustani yake kidogo kidogo. Kila nikipita kwake hunikaribisha kiti.

Juzi aliniuliza tena, "Mwanangu, siku hizi wanasemaje juu ya ile bangi?" Nilikaa. Nilimweleza haya yote niliyowaandikia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe jibu lenyewe si refu hivyo. Ungenipa siku ile."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA LA KISOMO

1. Ngazi tatu za kuijua dawa ni zipi? Kwa nini kisahani si mtu?
2. Ua la Madagaska lilitoa dawa ya kansa. Kwa nini hatuwezi kulichemsha nyumbani tukapona?
3. Kanabinoidi zimethibitishwa kuwasaidia wagonjwa wa kansa kwa jambo gani? Je, jambo hilo ni sawa na kuponya kansa?
4. Je, katika kijiji chenu kuna mtu mwenye uvimbe ambaye anaogopa kwenda zahanati? Mtamsaidia vipi bila kumtangaza?